Pimamaji Juu ya Nyonga

Kila fundi mwashi anaijua pimamaji: kibomba cha kioo, maji ya rangi ndani yake, na kiputo cha hewa. Kiputo kikitulia katikati ya mistari miwili, tofali limelala sawa. Katika miaka ya 1970 kikundi cha madaktari wa mifupa nchini Marekani kilitumia chombo cha miguu mitatu chenye kiputo kama hicho, lakini hawakukiweka juu ya ukuta. Walikiweka juu ya watu waliolala chali wakisubiri kupigwa eksirei. Mguu mmoja wa chombo ulikaa kwenye ncha ya mfupa wa kiuno, kulia. Wa pili kwenye ncha ya kushoto. Wa tatu chini, kwenye mfupa wa kinena. Kiputo kikitulia, madaktari walijua kwamba fupanyonga la mgonjwa limelala sambamba na filamu, kwa hiyo pembe watakazozipima kwenye picha zitaweza kulinganishwa kati ya mtu na mtu.

Makala yao ilichapishwa mwaka 1978. Jina la kwanza katika orodha ya waandishi lilikuwa Lewinnek, na hadi leo daktari yeyote wa mifupa analifahamu hata kama hajawahi kuisoma makala yenyewe. Walikuwa na nyonga bandia 300. Kati ya hizo, 9 zilikuwa zimeteguka. Walipopima pembe za vile vikombe vilivyopachikwa kwenye fupanyonga, waliona kwamba kikombe kilichoinama nyuzi 40 na kutazama mbele kwa nyuzi 15, ukiruhusu nyuzi 10 za kuzidi au kupungua kila upande, kiliteguka kwa asilimia 1.5 tu. Nje ya mipaka hiyo, asilimia 6.1. Wakaliita eneo hilo eneo salama.

Nyonga tisa. Nataka msomaji aikumbuke idadi hiyo, kwa sababu kwa zaidi ya miaka thelathini roboti, kamera na kompyuta za gharama kubwa zimejengwa ili kulenga shabaha iliyochorwa na watu tisa waliopata bahati mbaya.

Ubaya wa bahati hiyo si wa kubeza. Nyonga ni kiungo cha tufe na kikombe: kichwa cha fupa la paja ni tufe, na fupanyonga lina tundu linalolipokea. Ukipandikizwa nyonga bandia, tufe linakuwa la chuma au la kauri, na kikombe huwa na bitana ya plastiki au kauri. Misuli na kano zilizokatwa wakati wa upasuaji hazina tena nguvu zilizokuwa nazo. Mtu anainama kuokota kiatu, au anainuka kutoka kwenye kiti kifupi, shingo ya chuma inagonga ukingo wa kikombe, na tufe linachomoka kama kifuniko kinachobanduliwa kwa kijiko. Mguu unakuwa mfupi na kupinda, na maumivu hayasemeki. Hospitali watamtia usingizi na kuuvuta mguu mpaka tufe lirudi. Wengine haliwapati tena. Wengine linawarudia mara tatu, mara nne, mpaka wafunguliwe upya. Na hata yule asiyeteguka tena, kila kiti anachokiona anakipima kwanza kwa macho.

Safari ya kufika hapo ilikuwa ndefu. Mwishoni mwa karne ya 19, Themistocles Gluck wa Berlin alichonga viungo vya pembe za ndovu na kuwapandikiza wagonjwa ambao mifupa yao ilikuwa imeliwa na kifua kikuu. (Ni miaka ileile ambayo Unguja ilikuwa miongoni mwa masoko makubwa ya pembe duniani. Tunasimuliwa mara nyingi kuhusu funguo za piano na mipira ya biliadi. Viungo vya Gluck havitajwi.) Vingi vilioza kwa maambukizi. Marius Smith-Petersen wa Boston alijaribu kofia ya kioo mwaka 1923, ikapasuka ndani ya mwili. Mwaka 1938 Philip Wiles wa London alipandikiza nyonga kamili ya chuma. Baada ya vita, ndugu wawili wa Paris, Jean na Robert Judet, walitengeneza vichwa vya akriliki, na hapo ndipo historia hii inapopata mlio.

Mlio wenyewe ulitoka kwa mgonjwa mmoja nchini Uingereza. John Charnley alipenda kusimulia habari za mtu aliyekuwa na kichwa cha akriliki ambacho kilipiga kelele kama mlango usiotiwa mafuta kila alipoinama mezani, kiasi cha mke wake kumkimbia chumbani. Wengine wangecheka wakasahau. Charnley alisikia msuguano. Ikiwa nyonga inalia, alifikiri, basi kuna kitu kinakwaruzana, na kinachokwaruzana kitalegea. Katika hospitali ya Wrightington, huko Lancashire, alianza kutafuta kiungo chenye msuguano mdogo kuliko vyote. Alichagua Teflon kwa kikombe, akapunguza kipenyo cha kichwa, hatimaye kikafika milimita 22.225, yaani inchi saba ya nane, na akavigandisha kwa saruji ya akriliki.

Wagonjwa karibu 300 walipata vikombe vya Teflon, wakaondoka bila maumivu, na Charnley akawa mtu wa kusifiwa. Kisha Teflon ikaanza kulika. Unga wake ulizua uvimbe ndani ya nyonga, na ilibidi afungue tena wale wale aliowafunga. Alijichoma unga wa Teflon kwenye paja lake mwenyewe ili aone mwili unafanya nini nao, palivimba. Mwaka 1962 fundi wake Harry Craven alikuwa amejaribu plastiki nyingine kwenye mashine, poliethilini nzito ambayo Charnley mwenyewe hakuipa matumaini. Mashine ilizunguka siku baada ya siku, na plastiki haikulika kwa kiasi cha kutajwa. Nyonga zinazowekwa leo ni wajukuu wa siku zile.

Lakini kichwa kidogo kina deni lake. Kadiri tufe linavyokuwa dogo, ndivyo linavyohitaji kusogea kidogo tu ili kuchomoka. Swali la plastiki lilipopata jibu, swali la pembe likasogea mbele. Kikombe kikisimama mno, tufe hutokea juu. Kikilala mno, shingo hugonga mapema. Kikitazama nyuma, mtu anateguka akikaa. Kikitazama mbele kupita kiasi, anateguka akisimama na kugeuka.

Daktari alilengaje? Kwa jicho na fimbo. Mgonjwa alilazwa ubavu, akabanwa kwa vishikizo, na kwenye mpini wa kupigilia kikombe kulifungwa fimbo ya chuma. Fimbo ikiwa sambamba na mwili wa mgonjwa na kwa pembe fulani na sakafu, kikombe kilihesabiwa kuwa mahali pake. Kila fundi atauona upungufu hapa. Fimbo inapima kikombe dhidi ya chumba, haimpimi mgonjwa. Inadhani kwamba fupanyonga, chini ya shuka, nyama na mafuta, limesimama wima kama lilivyowekwa asubuhi. Wakati huohuo msaidizi anavuta mguu kwa nguvu zote na daktari anapigilia nyundo.

Wazo la kumpima mgonjwa mwenyewe, kinyume cha kupima chumba, lilitoka kwenye ubongo. Mwaka 1908, huko London, Victor Horsley na Robert Clarke walieleza fremu ya chuma inayofungwa kwenye fuvu la mnyama, ili kila nukta ndani ya ubongo ipewe namba tatu, kama nukta kwenye grafu. Fremu ilifaa kwa fuvu kwa sababu fuvu ni ganda gumu lililo karibu na ngozi. Nyonga haina ganda. Ilibidi zije kamera na kompyuta kuchukua nafasi ya fremu.

Mwaka 1992 huko Sacramento, California, roboti iitwayo ROBODOC ilichimba tundu la fupa la paja la binadamu kwa mara ya kwanza. Ilibuniwa na daktari wa mifupa, William Bargar, pamoja na daktari wa mifugo, Howard Paul, kwa msaada wa IBM, na wagonjwa wake wa mwanzo walikuwa mbwa. Ilichimba kwa usahihi ambao mkono hauufikii. Ilipelekwa Ujerumani, ikatumika kwa maelfu, kisha wagonjwa wengi wakaenda mahakamani wakilalamikia misuli iliyoharibiwa na kuchechemea, na hospitali zikaiacha. Shimo lilikuwa sahihi. Njia ya kulifikia ndiyo iliyowaumiza watu.

Pittsburgh walichagua kutompa mashine kisu. Anthony DiGioia, daktari wa mifupa, na Branislav Jaramaz, mhandisi, wakiwa na wenzao wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, walitengeneza mfumo walioupa jina HipNav, na mwaka 1995 wakaanza kuutumia kwa wagonjwa. Mgonjwa alipigwa picha za CT kabla ya upasuaji, na kompyuta ikajenga fupanyonga lake katika pande tatu. Chumbani, misumari midogo ilichomekwa kwenye mfupa wa kiuno, na juu yake taa zinazotoa miale ya infraredi. Taa nyingine zilifungwa kwenye mpini wa kikombe. Kamera iliyosimama mita chache pembeni ilizitazama zote. Daktari aligusa nukta nyingi juu ya mfupa kwa kijiti maalumu, kompyuta ikaoanisha nukta hizo na picha, na kuanzia hapo fupanyonga likiyumba, hesabu iliyumba nalo. Mkono ulibaki wa daktari. Kioo cha kompyuta kilimwambia tu: 43, 17. Sogeza.

Kilichofuata ndicho ninachokipenda zaidi katika hadithi hii. Kwa kuwa sasa walikuwa na kipimo cha kweli, waliweza kuihoji fimbo. Waliipanga fimbo ya zamani kama ilivyofundishwa, kisha kabla ya kupigilia wakaitazama kompyuta. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2002, asilimia 78 ya vikombe vingeangukia nje ya mipaka iliyokusudiwa kama wangeifuata fimbo. Kosa lilikuwepo miaka yote, na lilikuwa halionekani, kwa sababu chombo pekee cha kulionyesha kilikuwa chombo kilekile kilicholifanya.

Si kwamba madaktari wengine walikuwa wazembe. Huko Boston, hospitali ya Massachusetts General ilikagua nyonga 1,823 zilizopandikizwa kati ya 2004 na 2008, na matokeo yakatoka mwaka 2011: nusu tu ya vikombe, 917, vilikuwa ndani ya mipaka ya pembe zote mbili. Hiyo ni miongoni mwa hospitali zenye jina kubwa kuliko zote duniani, na wapasuaji wake walikuwa wanajua wanachokilenga.

Walijua? Hapo pana fundo jingine. Mwaka 1993 D. W. Murray wa Uingereza alionyesha kwamba neno "mwinamo" lilikuwa linatumika kwa maana tatu: kama anavyouona mpasuaji mezani, kama unavyoonekana kwenye eksirei, na kama anavyoupima mtaalamu wa anatomia kwenye mfupa mkavu. Kikombe kilekile kimoja, kisichosogea hata unywele, kinapata namba tatu tofauti. Daktari anayesoma namba za mtu wa eksirei na kuzifuata kwa jicho la mezani anakosea kabla hajaosha mikono. Kompyuta ina faida kwamba inalazimisha mtu aseme anatumia maana ipi. Binafsi nadhani makala ya Murray, yenye grafu zake kavu, ilifanya kazi kubwa kuliko roboti kadhaa.

Picha za CT ni ghali na zina mionzi, kwa hiyo zikaja mashine zisizohitaji picha. Daktari anagusa nukta tatu tu: ncha mbili za mfupa wa kiuno na mfupa wa kinena. Msomaji makini ameshaitambua: ni ile miguu mitatu ya pimamaji ya 1978. Pamoja na kamera, miale na programu, tulirudi kwa Lewinnek. Na udhaifu ulikuwa palepale. Kamera inaona sehemu ya milimita. Kidole kinagusa ngozi. Chini ya ngozi ya kinena pana mafuta, haba kwa mwembamba, mengi kwa mnene. Chukua umbali wa sentimita 9 kutoka mstari wa ncha za kiuno hadi kinenani. Mafuta yakikudanganya milimita 5, fupanyonga kwenye kompyuta limeinama zaidi ya nyuzi 3, na kikombe kimekosea zaidi ya nyuzi 2 kabla hakijapigiliwa. Kioo kitaandika namba nzima bila kutikisika.

Hata hivyo mashine hizo zilifanya kazi. Huko Marseille, Sébastien Parratte na Jean-Noël Argenson waligawa wagonjwa 60 kwa bahati nasibu: 30 kwa mkono, 30 kwa kompyuta bila picha. Mwaka 2007 wakaripoti: vikombe vilivyotoka nje ya eneo salama vilikuwa asilimia 57 kwa mkono na asilimia 20 kwa kompyuta. Kwa hesabu ya usahihi, mjadala ulikuwa umekwisha.

Kisha walifanya jambo ambalo wachache hulifanya baada ya kushinda. Walisubiri. Mwaka 2016 walichapisha matokeo ya miaka kumi ya wagonjwa walewale. Kuteguka, kuchakaa, uwezo wa kutembea, nyonga kudumu: hawakuona tofauti kati ya makundi mawili. Waliandika hivyo wazi, hadi kwenye kichwa cha makala. Wagonjwa sitini ni wachache mno kukamata jambo linalowapata watu wawili au watatu katika mia, na kasoro hiyo ni ya kweli. Lakini ni vigumu kuisoma makala hiyo bila kumwona mtu anayerudi kwenye mlima alioupanda na kuukuta si ule.

Mwaka huohuo pigo zito zaidi lilitoka Mayo Clinic. Matthew Abdel na wenzake walipitia nyonga 9,784, wakapata 206 zilizoteguka, wakapima pembe zake. Asilimia 58 zilikuwa ndani ya eneo salama la Lewinnek. Zaidi ya nusu ya walioteguka walikuwa na vikombe ambavyo kompyuta ingevipa alama ya kijani.

Jibu la fumbo hilo lilikuwa limeshaanza kuandikwa Ufaransa. Jean-Yves Lazennec na wenzake wa Paris walikuwa wakiwapiga watu eksirei wakiwa wamesimama, kisha wakiwa wamekaa. Mtu mwenye mgongo laini akikaa, fupanyonga lake linabingirika nyuma, mara nyingi kwa nyuzi 20 hivi, na kikombe kinafunguka mbele kulipisha paja. Kila nyuzi moja ya kubingirika inabadilisha mwelekeo wa kikombe kwa takriban 0.7. Sasa mchukue mtu ambaye pingili za mgongo wake zimekakamaa kwa uzee, au zimefungwa kwa skrubu. Akikaa, fupanyonga halibingiriki. Paja linakuja juu, kikombe hakipishi, shingo inagonga. Huyu na jirani yake wanaweza kuwa na kikombe chenye pembe zilezile, 40 na 15, wakiwa wamelala; wakikaa mezani kula, mmoja yuko salama na mwingine hayuko. Pimamaji ya Lewinnek ilimpima mtu katika hali moja ambayo katika hali hiyo karibu hakuna anayeteguka: amelala chali, ametulia.

Wakati watu wa mashine wakihangaika na pembe, wengine walipunguza kuteguka kwa njia za mkato. Poliethilini mpya isiyolika ovyo iliruhusu vichwa vya milimita 32 na 36, na kichwa kikubwa hakichomoki kwa urahisi. Gilles Bousquet wa Saint-Étienne alikuwa ameshabuni, katika miaka ya 1970, tufe linalozunguka ndani ya tufe. Na huko Belfast, David Beverland na wenzake waliacha namba kabisa. Chini ya tundu la nyonga kuna kano iliyokatiza kama ukanda, na wao walilaza kikombe sambamba na kano hiyo, kila mgonjwa kwa kano yake. Mwaka 2006 waliripoti nyonga 1,000. Zilizoteguka ni asilimia 0.6. Kano haina bei wala haihitaji umeme. Ila mkono wa Beverland nao haununuliki dukani, na nadhani watetezi wa kano huwa wanalipita hilo haraka.

Nisiwe mkali kwa kompyuta kupita haki. Takwimu kubwa zilizotoka baadaye, za bima ya wazee Marekani na za daftari la taifa la Australia linalofuatilia viungo bandia tangu 1999, zinaonyesha kwamba nyonga zilizowekwa kwa uelekezi wa kompyuta zinateguka kidogo zaidi kwa uchache. Si majaribio ya bahati nasibu. Huenda wanaonunua mashine ni wapasuaji wanaofanya nyonga nyingi kuliko wenzao. Lakini tofauti ipo, na kwa upande huohuo. Mwaka 2013 kampuni ya Stryker ililipa takriban dola bilioni 1.65 kuinunua Mako, yenye mkono wa roboti unaomzuia daktari asipite mpaka uliopangwa. Mpaka wenyewe bado unapangwa na mtu.

Kinachobadilika ni maswali anayoulizwa mgonjwa kabla ya kulazwa. Hospitali zinazofuata njia ya Paris zinampiga picha ya ubavu akiwa amesimama, nyingine akiwa amekaa, na kompyuta inapewa shabaha inayotokana na mgongo wake, si wa wale tisa. Kukaa kunakopigwa picha ni kukaa kwenye kiti. Kwa miaka mingi wagonjwa wa nyonga wameonywa wasikunje paja kupita nyuzi 90 na wasipishanishe miguu, ushauri ulioandikwa na watu wa viti kwa watu wa viti. Huku kwetu watu wengi wanaohitaji nyonga mpya si wazee. Selimundu huua kichwa cha fupa la paja kwa vijana wa miaka ishirini na kitu. Kijana huyo anasali tahiyatu juu ya mkeka, anachuchumaa chooni, na kwenye msiba anakaa chini na wenzake tangu asubuhi. Nyuzi 90 anazipita kabla ya chai.